Hifadhidata za sheria ya kibinadamu za Msalaba Mwekundu: huduma bora inayokosa Kiswahili

Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imeweka kwenye intaneti, bila malipo yoyote, hifadhidata za sheria zinazowabana wapiganaji na kuwalinda wasiopigana. Kwa mwalimu, mwanasheria au mwandishi wa habari anayetaka kuzungumzia vita kwa uhakika, sijaona huduma inayoifikia hii.

Sehemu ya mikataba ina Mikataba minne ya Geneva ya 1949 na Itifaki za Nyongeza za 1977, pamoja na ufafanuzi wake na orodha ya nchi zilizojiunga. Hapo ndipo msomaji anapoona kwamba Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Itifaki ya Kwanza mwaka 1982, lakini ile ya Pili, inayohusu vita vya ndani ya nchi, ikajiunga nayo mwaka 2002.

Ninachokithamini zaidi ni sehemu ya sheria ya kimila, yaani ile inayozibana nchi kwa desturi zinazokubalika hata pasipo mkataba, yenye kanuni 161 zilizotokana na utafiti uliochapishwa mwaka 2005. Tuitazame Kanuni ya 55, inayozitaka pande zinazopigana ziruhusu misaada iwafikie raia wenye shida haraka na bila vizuizi, huku zikibaki na haki ya kuikagua. Maelezo yake yanabainisha kwamba sharti kama hilo lilikuwamo katika rasimu ya Itifaki ya Pili, likaondolewa dakika za mwisho ili waraka mfupi zaidi upitishwe. Kisha yanaonyesha, kwa miongozo ya kijeshi, maazimio na kauli za serikali, jinsi kanuni hiyo ilivyokuja kutambuliwa hata katika vita vya ndani. Kwa hiyo kamanda anayezuia malori ya unga kwa makusudi ili raia wafe njaa hana pa kujificha, na anayemshtaki ana ushahidi wa kushika mkononi.

Kwenye simu, kurasa za ufafanuzi ni ndefu mno na zinachosha. Kasoro kubwa, hata hivyo, ni lugha. Kanuni ya 142 inadai wanajeshi wafundishwe sheria hii, na ya 143 inazitaka nchi zihimize raia nao wafundishwe. Lakini raia wa Goma au Bukavu, ambaye vita vimemfika mlangoni na ambaye huzungumza Kiswahili kutwa nzima, hawezi kuisoma hapa kwa lugha hiyo. Kila mwalimu hulazimika kujitafsiria, na tafsiri hizo hazilingani.

Mgeni namshauri aanze na Kanuni ya 1, ya kuwatofautisha raia na wapiganaji, kabla hajaingia kwenye mikataba. Kamati nayo, ambayo ina ofisi Nairobi, ningeiomba ishirikiane na vyuo vikuu vya Afrika Mashariki kutafsiri kwanza kanuni zenyewe bila maelezo, kwani nyingi ni za sentensi moja au mbili tu.