Walinzi wa depo waliokuwa komando: nyota 2 kwa 5

Nilichukua walinzi wa kampuni moja kwa depo yetu ya unga, hapa Lubumbashi, Kongo, kwenye komini (mtaa) inayoitwa Kenya, wakanitumia wazee wawili waliokuwa komando zamani. Kwa kusimama wima usiku kucha hawana mfano, na bei si mbaya. Lakini kazi ya depo ni kuhesabu magunia na kuongea vizuri na bamama wanaofika alfajiri, sasa mama mmoja aligusa tu gunia wakamlaza chini, beseni yake huko, kitambaa cha kichwa huko, jamani iliniuma sana, nilimwinua mwenyewe nikamwomba msamaha.

Siwalaumu wazee, namlaumu bosi aliyewatuma. Kolwezi, mji wa huku kwetu Kongo, mwezi wa 5 mwaka 1978 askari wa Lejoni ya Kigeni ya Ufaransa waliruka kwa parashuti kuokoa watu, kazi kama hiyo ndiyo komando anafundishwa. Lakini ukiwatuma vibaya mambo yanaharibika: Mogadishu 1993 Marekani ikaingiza makomando wake katikati ya mji mchana bila vifaru, wakafa 18, na walikuwa mafundi kabisa wale! Bosi angeniuliza kwanza depo inahitaji mtu wa namna gani. Mwisho wa mwezi navunja mkataba.