Vimbweta vya chuo: uzoefu wangu wa kuvikalia na kuvikarabati

Kimbweta huwezi kukipima kwa macho. Kikalie saa tatu, daftari mbele na kompyuta pembeni, ndipo kiwiko, goti na kiuno vitakueleza kama fundi alijua anachofanya. Ninavyovizungumzia hapa ni vile vya zege, meza moja na benchi mbili, vilivyotapakaa chini ya miti katika vyuo vikuu vyetu vya umma. Nimevitumia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwenye vyuo vingine kadhaa, kama msomaji na pia kama mtu wa kazi za zege. Kasoro nitakazozieleza sizielekezi kwa chuo chochote. Zinajirudia karibu kila mahali.

Katika maboresho yote ya viwanja vya chuo, sioni pesa inayorudi haraka kama ya kimbweta kilichokaa kivulini, wala inayotupwa wazi kama ya kimbweta kilichoachwa juani.

Mlimani panaonyesha kwa nini vinahitajika. Chuo kilianza mwaka 1961 na kitivo kimoja cha sheria, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikahamia mlimani 1964, na 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Majengo yake ya mwanzo, Nkrumah Hall ikiwemo (ile iliyokuwa kwenye noti ya shilingi 500 yenye sura ya Mzee Karume), yalijengwa kwa idadi ndogo ya wanafunzi ukilinganisha na ya leo. Hosteli za Magufuli zilizofunguliwa 2017 ziliongeza nafasi 3,840, na maktaba mpya iliyozinduliwa 2018 ina viti zaidi ya 2,000. Lakini maktaba ni mahali pa kunyamaza, na chumba cha hosteli ambamo watu wamebebana hakifai kwa diskasheni. Watu sita wanaobishana juu ya swali la testi ya kesho wanahitaji meza ambayo hakuna atakayewaambia "shii". Kazi hiyo ni ya kimbweta, na hakuna jengo lililowahi kuifanya kwa bei hiyo.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo wengi wanakosea. Benchi iwe na kimo cha sentimita 43 hadi 45, meza 72 hadi 75, zote zikipimwa kutoka usawa wa sakafu ya mwisho. Nasisitiza sakafu ya mwisho kwa sababu mara nyingi kimbweta hupimwa kutoka kwenye udongo, halafu pevingi (matofali ya kutandaza chini) zinapangwa baadaye na kula sentimita 8. Benchi ya 45 inabaki 37, nawe unakaa magoti yakiwa juu kama umechuchumaa. Unene wa meza usizidi sentimita 7. Ukimwaga 10 ukidhani unaongeza nguvu, unanyang'anya nafasi ya mapaja, na nguvu yenyewe huipati humo, unaipata kwenye nondo.

Kipimo kinachosahaulika kuliko vyote ni umbali kati ya ukingo wa benchi na ukingo wa meza. Ukitazama kutoka juu, kingo hizo zikutane, au meza iingie juu ya benchi sentimita 3 hadi 5. Nimekalia vimbweta vyenye pengo la sentimita 20 katikati. Kwenye hivyo unaandika umeinama, na kufikia nusu saa mgongo umeshakataa. Ukiona wanafunzi wamekaa juu ya meza na kuweka miguu kwenye benchi, usikimbilie kusema hawana adabu. Chukua futi, pima hilo pengo.

Kwa watu wanne, meza ya sentimita 140 kwa 70 inatosha. Kimbweta kizima cha ukubwa huo, miguu na msingi vikiwemo, kinakula takriban theluthi moja ya mita ya ujazo ya zege, kwa hiyo mifuko 3 ya saruji ya kilo 50 inamaliza kazi pamoja na finishi. Uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) unafaa, mchanga uwe wa mtoni uliochekechwa. Nondo za milimita 10 kila sentimita 15 zilale upande wa chini wa bamba la meza, zikiinuliwa na biskuti (vipande vidogo vya zege vya kuiweka nondo mbali na ukingo) za sentimita 3. Sehemu ya meza inayotokeza nje ya mguu ni kinyume chake: pale nondo zinatakiwa juu, kwa sababu mtu akikaa ukingoni zege linavutika kwa juu. Vimbweta vingi vilivyokatika nilivyovichunguza vimekatikia hapohapo, kwenye mstari wa mguu, nondo zikiwa zimelala chini ambako hazina msaada.

Biskuti si mapambo. Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar hewa ina chumvi, na nondo iliyofunikwa sentimita moja tu inaanza kutu mapema. Kutu inavimba, zege linapasuka chini ya meza, vipande vinadondoka, na mwisho kuna chuma chenye ncha karibu na magoti ya watu. Kukarabati kunawezekana: gonga zege lote bovu mpaka nondo ionekane pande zote, isugue kwa brashi ya waya mpaka ing'ae, pakaza uji wa saruji, kisha ziba kwa mota (saruji na mchanga) ya 1:3 wakati uji bado mbichi. Ukiziba bila kuondoa kutu, ufa utarudi palepale.

Baada ya kumwaga, funika kwa magunia na umwagilie siku 7, asubuhi na jioni. Uso wa juu upigwe nili (tabaka laini la saruji tupu) siku ileile, zege likiwa bado halijashika sawasawa. Nili inayopigwa kesho yake inabanduka kama ganda, na meza inakuwa na mashimo yanayotoboa karatasi. Teraso (zege la vipande vya mawe lililosuguliwa) ni bora zaidi kama fedha ipo. Vigae sivipendi kabisa kwenye kimbweta: vinarudisha mwanga machoni, kingo zinavunjika, na ukingo wa kigae kilichovunjika ni kisu. Pembe za meza zichongwe mshazari wa sentimita 2, na bamba lote liinamie upande wa urefu kiasi cha sentimita moja kwa kila mita ili mvua ya masika isituame. Mwinamo huo hata kalamu hauibiringishi.

Meza za duara zenye mguu mmoja katikati zinapendeza kwenye picha, na kwa diskasheni ya watu sita ni nzuri kweli, kila mtu anamwona mwenzake. Tatizo ni mguu. Watu wawili wakiegemea upande mmoja, mzigo wote unakwenda kwenye kiungo kimoja. Kama ni lazima, mguu uwe na unene wa sentimita 30 na nondo zake zipande mpaka ndani ya bamba na kukunjwa humo.

Nirudi kwenye kivuli, maana zege zuri juani ni jiko. Kuanzia saa 6 mchana bamba linakusanya joto, na mpaka magharibi bado linalitoa. Chuo kimoja nilichokizoea kilipanda miashoki kuzunguka vimbweta vyake vyote. Mwashoki unasimama kama nguzo na kivuli chake ni chembamba kama yenyewe, ni mti wa kupamba barabara. Mkrismasi unatoa kivuli kipana, ila mizizi yake inatambaa juujuu na kuinua pevingi pamoja na msingi, kwa hiyo kimbweta kikae mita 4 au 5 kutoka shinani. Mwembe nao una kivuli kizito, lakini msimu wa maembe unaleta utomvu mezani, nzi, na tumbili pale walipo. Ninaoupenda kuliko yote ni mkwaju: majani madogo, upepo unapita, na jua linachujwa bila giza. Unachelewa kukua, kwa hiyo upandwe kabla ya kumwaga zege, tena upande wa magharibi, kwa kuwa jua la saa 9 na 10 ndilo linalofukuza watu. Mahali pasipo na mti, paa la makuti lina ubaridi kuliko bati, na mvua ikinyesha mnaendelea kusikilizana.

Umeme ndio unaotenganisha kimbweta cha mchana na kimbweta cha kupigia msuli usiku. Kompyuta ya kawaida inavuta wati 65 hivi, nne ni wati 260, kidogo zaidi ya ampea moja. Meza 20 kwa pamoja ni kama ampea 23. Hesabu hiyo haitishi. Kinachoangusha laini ni birika na hita zinazochomekwa usiku. Soketi ziwe za nje zenye kifuniko, ziinuliwe walau sentimita 40 kutoka chini, waya wa kivita (wenye ganda la chuma) ufukiwe nusu mita, na laini nzima ilindwe na swichi ya kukata umeme ukivuja kwa miliampea 30. Sehemu hii haina mjadala, kwa sababu hapa kuna watu wenye miguu yenye maji na zege lililolowa. Sola inafaa kwa taa. Kwa kompyuta uwe mkweli na hesabu: betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ukiitumia nusu ili isife mapema, ina wati-saa 600, yaani kompyuta nne kwa saa mbili na ushee.

Taa ya barabarani haitoshi kusomea. Weka taa ya LED ya wati 18 hadi 20 juu ya kila meza, kimo cha mita 2.5, rangi ya manjano badala ya nyeupe, kwa kuwa nyeupe inaita wadudu wengi zaidi.

Meza na meza ziachane mita 4 ili vikundi visimezane sauti. Chini pasibaki udongo mtupu, miguu ya watu inachimba shimo na shimo linakuwa dimbwi. Tabaka la kokoto lenye kina cha sentimita 10, au pevingi zenye mwinamo wa kupeleka maji nje, linatosha. Pipa la taka liwe hatua kumi na liwe na kifuniko, la sivyo kunguru wa Dar es Salaam watalimwaga kabla jua halijapanda.

Kimbweta kilichotimiza haya nakipa nyota 5 kati ya 5. Vingi nilivyovikalia nimevipa 3, na karibu kila mara nyota mbili zilizopungua ni ya kivuli na ya lile pengo la benchi. Pengo linaweza kusahihishwa hata leo: mimina ukanda wa zege wenye upana wa pengo lenyewe kwenye ukingo wa ndani wa benchi, ukiufunga kwa vipande vya nondo vilivyoingizwa kwenye matundu yaliyotobolewa benchini na kugandishwa kwa gundi ya epoksi, kila sentimita 25.