Soketi ya kibodi ya pini 5: chuma kizuri, karatasi ya kutupa

Soketi hizi nimezinunua kwa ajili ya 486 ya mjomba, kompyuta ya zamani. Hiyo ndiyo mashine aliyokuwa akichapia barua na mitihani ya shule kwenye duka lake la steshenari Morogoro, na mafaili yake ya WordPerfect 5.1, programu ya kuchapia ya enzi hizo, bado yamo. Nilimwambia nitayahamishia kwenye flashi, akakataa katakata. Anataka kuyaona humo humo yalimozaliwa. Tatizo kibodi haishiki. Ukiisukuma plagi kushoto inaandika, ukiiachia inakufa, na mwezi uliopita ikafa jumla.

Kwa waliozaliwa baada ya USB: hii ni ile soketi nene ya duara, unene wa kidole gumba, iliyokuja na IBM PC ya 1981 na kuendelea kwenye mazabodi (bodi kuu za kompyuta) za aina ya AT, kompyuta ya IBM iliyokuja baada ya XT, hata baada ya IBM kuleta ile ndogo ya pini 6, PS/2, mwaka 1987. Wapiga vinanda wanaijua, kwa sababu nyaya za MIDI zina plagi hiyo hiyo.

Kariakoo nilizunguka nusu siku nikapata za kufunga kwenye kava tu, zile za redio. Za kusimama kwenye bodi, zilizopinda nyuzi 90, nikaagiza mtandaoni: pakiti ya soketi 5, shilingi 18,000 pamoja na usafiri, zikafika baada ya siku 12. Ndani ya pakiti kuna kikaratasi chenye mchoro wa pini. Nitakirudia hicho kikaratasi.

Kuitoa ya zamani ndiko kulikonitoa jasho. Mazabodi nyingi za wakati ule zina betri ya pipa ya volti 3.6, na mara nyingi iko karibu kabisa na soketi ya kibodi. Ya mjomba ilikuwa imevuja miaka mingi. Solda iligeuka kijivu, haiyeyuki hata ukiibembeleza. Nikaipaka siki, nikasugua na mswaki, nikaosha kwa maji kisha spiriti, nikaacha ikauke siku nzima. Halafu nikaweka solda mpya juu ya ile ya zamani ili ilainike, ndipo pampu ya kufyonzea solda ikaweza kuivuta. Pamoja na hayo, viduara viwili vya shaba viling'oka vikabaki kwenye ncha ya pasi ya kuchomelea kama magamba ya dagaa.

Soketi mpya iliingia kwenye matundu bila kulazimishwa, na hapo naipa heshima yake. Miguu imenyooka, ganda la chuma ni zito, na plagi inaingia kwa kukaza, siyo ile ya kuning'inia. Ubaya wake ni plastiki. Soketi ya kwanza niliiharibu: nilishikilia pasi kwenye mguu muda mrefu kidogo, plastiki ikalegea, pini ikalala upande. Ya pili nikaitia kwanza plagi iliyokatwa kutoka kibodi mbovu, ndipo nikachomelea. Ile plagi inazishika pini zisihame. Usitumie plagi ya kibodi unayoipenda.

Sasa kikaratasi. Kwa kuwa viduara viwili havipo, ilibidi niunge waya kutoka kwenye miguu ya soketi hadi sehemu nzima ya njia, kwa hiyo ni lazima ujue mguu upi ni upi. Kwenye soketi hii namba hazifuatani. Ukienda na upinde wa matundu, ni 1, 4, 2, 5, 3. Kwa kibodi ya AT, 1 ni saa (mapigo yanayoongoza data), 2 ni data, 3 haina kazi, 4 ni graundi, 5 ni volti 5 chanya. Kikaratasi kilichora mpangilio huo huo, lakini kinyumenyume, kama anayejitazama kwenye kioo. Hebu ona hatari yake: ukiugeuza upinde huo, 2 inabaki katikati palepale, kwa hiyo hushtuki. Ila 4 na 5 zinabadilishana. Kibodi inapelekewa umeme kichwa chini.

Kilichoniokoa ni mita ya kupimia umeme tu, ile inayolia njia ikiwa imeungana. Nilishika ncha moja kwenye tundu la skrubu ya bodi, ambalo limeungana na graundi, nyingine nikaipitisha kwenye matundu ya soketi. Ilipolia, ilikuwa kwenye tundu ambalo kikaratasi kinaliita 5. Nikadhani nimekosea, nikarudia mara tatu. Baada ya hapo nikakiweka kando, nikapima kila mguu mwenyewe: sindano kwenye tundu la mbele, ncha ya mita chini, maana miguu ya chini haikukaa kwa upinde na huwezi kuifuata kwa macho.

Waya wa saa nilihakiki hadi kwenye chipu ya kibodi, ile ndefu ya miguu 40 ya ukoo wa 8042. Saa ilifika mguu wa 1, data mguu wa 39. Bila kibodi nikawasha: kati ya 4 na 5 volti 5, na kwenye 1 na 2 pia karibu volti 5, kwa sababu kuna rezista zinazovuta njia hizo juu zikiwa zimetulia. Ukikosa volti 5 pale, tafuta fyuzi ndogo jirani na soketi. Na kibodi hizi usizichomeke mashine ikiwa imewaka.

Nikazima, nikachomeka, nikawasha. Ikaandika kwamba kibodi ina hitilafu au haipo, halafu ikaniomba nibonyeze F1 ili kuendelea. Kwa kibodi ipi?

Nilikesha nayo. Nilifungua, nikapima upya, nikaongeza solda mahali ambapo haikuhitajika, nikaanza kuisema soketi vibaya. Asubuhi mjomba akaja na chai yake, akaigeuza kibodi, akakwaruza vumbi kwa kucha. "Mpwa, hiki kiswichi je? Mbona kipo kwenye X?" Kibodi za enzi zile nyingine zina swichi chini: X kwa mashine za XT, A kwa za AT. Lugha zao ni tofauti, ya XT inasema tu bila kusikiliza, ya AT inasema na kupokea amri. Akaisogeza kwa ncha ya kijiko cha chai. Ikakubali hapo hapo.

Kwa hiyo nyota nne kwa soketi, sifuri kwa kikaratasi. Muuzaji nilimwandikia, akajibu "asante kwa maoni" na mchoro bado uko vilevile kwenye tangazo lake. Zimebaki soketi tatu na sina nia ya kuziuza. Ukiwa na kibodi ya PS/2 na hutaki kuhangaika kutafuta ya zamani, kiunganishi cha kubadilisha plagi kinatosha, ndani yake ni nyaya tu: kwenye plagi ndogo data ni 1, graundi 3, volti 5 ni 4, saa ni 5. Ila soketi ya bodi ikiwa imekufa, hicho hakitakusaidia.

Mjomba alifungua mtihani mmoja wa Kiswahili, kidato cha pili, akausoma wote kimya. Kisha vidole vyake, bila yeye kuviangalia, vikabonyeza Shift na F7. Menyu ya kuchapa ikafunguka. Akageuka kulia kuitazama printa, ambayo aliiuza zamani.