Uzi gani ununue kwa zawadi ya kufuma: mpangilio wa mfumaji wa Tanga

Dukani watu huanza na rangi. "Nipe lile bonge la waridi, na jeupe moja." Uzi unatiwa mfukoni, safari imekwisha. Kazi inafumwa kwa moyo wote, inapelekwa kwenye arobaini ya mtoto, mama anashukuru na kumvisha mwanawe siku hiyo hiyo. Jioni mtoto ana harara shingo nzima, na sweta linaingia kabatini lisitoke tena. Uzi wenyewe haukuwa mbovu. Ulikuwa uzi wa baridi ya Lushoto, ukavaliwa Makorora, hapa Tanga mjini.

Kwa hiyo mpangilio huu unaanzia kwa mpokeaji: anaishi wapi, nani atafua, na pasi yake ni ya namna gani. Tanga mjini tuko usawa wa bahari, joto na unyevu havituachi, na hata kipupwe cha Juni na Julai shuka moja inakitosha. Ukipanda Lushoto uko kama mita 1,400 juu, na usiku wa miezi hiyo hiyo blanketi moja halitoshi. Mkoa ni mmoja, mara nyingi hata ukoo ni mmoja, lakini zawadi hazifanani.

Kwanza ujue unachouziwa

Kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji pale Ngamiani utakuta mabonge yenye lebo kamili, yenye lebo ya lugha usiyoisoma, na yasiyo na lebo kabisa. Lebo ya Kituruki si ngumu: pamuk ni pamba, yün ni sufu, akrilik inajisema yenyewe. Kwa bonge lisilo na lebo, usitegemee neno la muuzaji, kwa sababu kwa wauzaji wengi kila uzi laini ni "pamba" na kila uzi mnene ni "sufu". Nunua bonge moja tu, nenda nalo nyumbani, ulipime kwa kiberiti.

Kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa kibano juu ya sahani ya bati, ukiwasogeza watoto mbali. Pamba inashika moto upesi, inanuka karatasi iliyoungua, na inaacha jivu laini la kijivu linalopeperuka ukilipuliza. Sufu inasinyaa, inawaka kwa kusitasita na kujizima ukiondoa moto, harufu yake ni ya nywele zilizoungua, na kilichobaki kinasagika vidoleni. Akriliki na polista zinayeyuka, kisha zinaacha kidonge kigumu cheusi. Usikiguse mpaka kipoe, kinaganda kwenye ngozi. Ukipata jivu lenye chembe ngumu ndani yake, huo ni mchanganyiko.

Jambo la pili ni mita. Mabonge mawili ya gramu 100 hayalingani kwa sababu tu mizani imesema hivyo. Akriliki ya unene wa kati inaweza kukupa mita 200 hivi kwa gramu 100, lakini pamba ya unene huo huo haifiki huko, kwa kuwa pamba ni nzito. Gawa bei kwa mita. Bonge lililoonekana la bei ya kutupa linaweza kuwa ghali kuliko la jirani yake.

Nambari moja: pamba ya unene wa kati

Kama mpokeaji anaishi mjini Tanga, Pangani, Muheza au popote pwani, nunua pamba na usihangaike zaidi. Inanyonya jasho, haiwashi, inavumilia maji ya moto, na ikilowa inakuwa imara kuliko ilivyo kavu, ndiyo maana haiogopi kufikichwa kwenye beseni. Pasi ya mkaa haiitishi.

Ina kasoro zake. Haina mvuto, kwa hiyo ukingo wa kofia au wa mkono wa sweta unalegea baada ya kufuliwa mara kadhaa. Dawa yake ni kufumia ukingo sindano ndogo kuliko ya mwilini. Nguo kubwa ya pamba inashuka kwa uzito wake, na gauni ulilolipima magotini linafika kwenye muundi. Pamba ifumie vitu vidogo: kofia, soksi za kichanga, blauzi nyepesi, taulo za uso, kitambaa cha kufutia mtoto. Halafu jaribu rangi nyekundu na bluu iliyokolea kabla hujaanza kazi. Lowesha kipande, kikamue ndani ya leso nyeupe. Kikichuja, usikichanganye na nyeupe.

Kofia za watoto njiti ndiyo zawadi ninayoipendekeza kuliko zote, na hapo pamba haina mpinzani. Katika malezi ya kangaruu, mtoto mwenye uzito mdogo hulazwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa na nepi, kofia na soksi. Kofia si pambo hapo, maana kichwa cha kichanga kinapoteza joto haraka. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa miezi yake ikiwa imetimia ni kama sentimita 35 kuzunguka. Cha njiti ni kidogo zaidi, kwa hiyo fuma saizi mbili tatu tofauti, na kofia iwe ndogo kuliko kichwa kwa sentimita kadhaa ili ikivutwa ishike. Usiweke vifungo, utepe, wala kibonge cha manyoya juu. Gramu 100 zinatoa kofia tatu hivi. Kabla ya kupeleka hospitali ya Bombo au kwenye kituo chochote cha afya, pita kwanza uwaulize wauguzi wa wodi wanapokea nini na wanafua vipi. Kama wanatumia jiki, pamba nyeupe itasalimika, ila rangi zitapauka. Sufu ndiyo usiipeleke kabisa, jiki inaila.

Pamba ina ndugu yake anayeng'aa, uzi mwembamba wa kroshia uliotiwa magadi makali. Mwingereza John Mercer ndiye aliyeipatia njia hiyo hati miliki mwaka 1850. Huu ndio uzi wa vitambaa vya makochi na vya meza, zawadi ya arusi isiyochuja wala kulegea. Nambari zake zinakwenda kinyume: 20 ni mwembamba kuliko 10. Anayeanza achukue 10 na kroshia ya chuma ya milimita 1.5. Sahau 20 mpaka macho na vidole vizoee.

Nambari mbili: mchanganyiko wa pamba na akriliki

Nusu kwa nusu, au pamba ikizidi kidogo. Unapunguza uzito, unapata mvuto kidogo, na ngozi ya mtoto bado inapata hewa. Kwa blanketi la mtoto huu ndio uzi wangu wa kwanza, maana blanketi la pamba tupu likilowa linabebwa na watu wawili. Shida ni kuupata. Mara nyingi dukani kuna rangi mbili tatu tu, na zikiisha zimeisha. Ukiuona, nunua wa kazi nzima siku hiyo hiyo.

Nambari tatu: sweta la mtumba la kufumua

Najua wapo watakaoguna. Lakini katika marobota ya mitumba yanayoshuka pwani, masweta mazito ni bidhaa isiyogombewa, na ndani yake kuna pamba nzuri, na sufu ambayo huku kwetu hutaikuta dukani kwa urahisi. Unafumua, unapata uzi wa kazi mpya.

Ujanja uko kwenye mshono. Ligeuze sweta ndani nje, utazame ubavuni. Ukiona vipande viwili vyenye kingo zake safi, vimeunganishwa kwa mshono mmoja unaoweza kuukata kwa wembe, hilo linafumuka kwa uzi mrefu usiokatika. Ukiona kingo zimekatwa kwa mkasi na kushonwa kwa overloki, liache. Kila mstari utakatika ubavuni, na utarudi nyumbani na mamia ya vipande vya urefu wa mkono. Liache pia lile la sufu lililogandamana kama zulia, hilo halifumuki tena. Ukishafumua, zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uufue, uutundike kivulini na kijiwe chini yake. Mawimbi yanaisha.

Nimeuweka wa tatu badala ya wa pili kwa sababu ya muda tu. Mwenye arobaini Jumamosi hana nafasi ya kufumua sweta Alhamisi.

Nambari nne: akriliki tupu

Huu ndio uliojaa madukani, na rangi zake zinavutia kuliko zote. Unatokana na mafuta ya petroli, haurudi ukifuliwa, nondo hawauli, unakauka haraka. Kwa mtoto wa shule Lushoto, kwa bibi wa Mlalo anayetaka shali, kwa mlinzi wa usiku anayehitaji kofia, ninaupandisha hadi nambari moja bila ubishi: ni mwepesi, una joto, na anayefua hahitaji maelekezo.

Ila pwani unafukuta. Halafu kuna pasi. Joto la pasi ya mkaa likigusa akriliki, vitanzi vinalala, mvuto unakufa, na hakuna kufua kutakakourudisha. Mwambie mpokeaji kwa maneno wazi: hii haipigwi pasi. Kama unajua nyumba hiyo hupiga pasi mpaka taulo, mchagulie uzi mwingine.

Ubora wake unaupima kwa kiganja. Sugua uzi kwa kidole gumba, mbele nyuma, kwa nguvu, kwa muda kidogo. Ukianza kutoa manyoya na vipira papo hapo kaunta, kwapani utafanya hivyo hivyo wiki ya pili.

Nambari tano: sufu

Sufu ndiyo nyuzi yenye sifa kubwa kuliko zote katika ufumaji, na nimeiweka chini kwa sababu ya Tanga, si kwa sababu yake. Inaweza kubeba unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake bila kuonekana imelowa, ndiyo maana inathaminiwa kwenye baridi. Lakini ni ghali, nondo wanaipenda, na kwenye maji ya moto na kufikichwa inagandamana na kurudi, ya baba ikawaenea watoto. Mpe mtu wa milimani ambaye unamjua kwa kufua taratibu, kwa maji baridi, bila kukamua. Huyo ni nadra. Nyumbani kwako ihifadhi kwenye mfuko uliofungwa kabisa.

Mwisho kabisa: uzi wa manyoya na wa kumetameta

Polista na nailoni. Vitanzi havionekani, ukikosea hufumui, na manyoya yanaingia mdomoni kwa mtoto. Kwa mwanasesere sawa, kwa mtoto mwenyewe hapana.

Mkonge una daraja lake

Huu siupangi na wenzake, kwa kuwa hauvaliwi. Lakini mgeni anayetaka kuondoka na zawadi ya Tanga, umfumie nini zaidi ya kikapu au mkoba wa katani? Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na kutoka hiyo yakaja mashamba yaliyoujaza mkoa huu. Jani lenyewe lina singa kidogo mno, kama kilo 4 kwa kilo 100 za majani zinazopita kwenye korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, kwa hiyo usishangae kamba nzuri kuwa na bei yake.

Ukinunua, chagua kamba nyembamba iliyosokotwa sawasawa, rangi ya malai, isiyo na madoa ya kijani au ya kahawia. Kisha inuse. Kamba nyingine hupakwa mafuta wakati wa kusokota, na harufu hiyo haitoki. Ya kufungia mizigo ni sawa, ila kikapu cha mkate au cha matunda kitanuka gereji. Iloweshe kidogo kabla ya kufuma ili isikukate vidole, tumia kroshia ya milimita 5 au 6, na ukimaliza ianike ikauke kabisa, maana kwa unyevu wetu ikifungiwa mbichi inaota ukungu. Anayesuka ukili wa miyaa tayari ana vidole vya kazi hii, wengine tujiandae.

Sindano na idadi

Kwa uzi wa kati, kroshia ya milimita 4 na sindano za kufumia za milimita 4 au 4.5 zinatosha mwaka mzima. Za mwanzi ninazipenda kuliko za alumini, kwa sababu mkono wa Tanga una jasho na uzi unateleza kwenye alumini. Kroshia nyembamba za chuma zipake mafuta kidogo zikikaa, hewa ya bahari inazitia kutu na kutu inahamia kwenye kitambaa cheupe.

Blanketi la mtoto la sentimita 75 kwa 75 linakula gramu 300 hadi 400, pamba ikizidi hapo. Nunua mabonge yote kwa mkupuo mmoja, utazame kwenye lebo nambari ya mkupuo wa rangi ifanane. Nyeupe ya leo na nyeupe ya mwezi ujao si moja. Ongeza bonge moja la akiba, na kabla hujatoka mwulize mwenye duka kama anapokea bonge ambalo halijafunguliwa. Wengi wanakubali ukienda na lebo yake na usipokawia.