TAHADHARI: Jamaa wa Cohiba (siga za Cuba) za "mzigo wa Dubai" hapa Dar, tumepigwa 950,000

Wakuu habari za Jumapili. Hii ni kwa wale wachache wenzangu wa siga (siga, yale majani ya tumbaku yaliyoviringwa, sio sigara, maana kuna mtu ataanza) mnaoagiza kwa wauzaji wa Insta. Jina la akaunti silitaji, kashalibadilisha mara mbili ndani ya mwezi, we shika tu staili yake.

Huyu hakuuzii boksi moja kwa moja. Anakwambia bosi wangu usiniamini kwanza, onja. Anakuuzia Cohiba Robusto (ile fupi nene) moja elfu 80, boda anakuletea mpaka getini. Niliivuta barazani usiku nikafungua daftari langu, maana kila siga naiandika, inavyowaka, inavyovutika, jivu, ladha mwanzo kati na mwisho, alafu naipa maksi juu ya 100. Ile nliipa 92. Jivu lilishika kama sentimita mbili na nusu bila kudondoka, moshi laini unaleta kakao na asali kwa mbali. Mpaka leo naamini ile moja ilikua orijino. Ndio chambo chenyewe.

Baada ya hapo ndo anakuja na boksi la 25 kwa 950,000, eti shemeji yake anafanya kazi kwenye ndege anapitia Dubai. Sasa hesabu ya darasa la nne, elfu 80 mara 25 ni milioni mbili. Na mimi najua fika kwamba tangu 2022 Habanos, kampuni ya Cuba inayouza Cohiba, wapandishe bei za Cohiba dunia nzima boksi hilo linapita dola elfu moja, najua kabisa, lakini tamaa wakuu, tamaa. Tuko wanne tunakutana Ijumaa, tukachanga 240,000 kila mmoja, ile elfu kumi iliyobaki ikawa ya boda. Na wenzangu walitoa hela kwa neno langu, mimi ndio "mtaalam" wao.

Boksi likaja zuri kweli, mfuniko wa kioo, unaziona zimelala ndani kama samaki wa dukani. Nikapiga picha nikamtumia jamaa, mzigo umefika kaka, asante sana.

Hapa ndo penye aibu. Ya kwanza kutoka kwenye lile boksi nliipa 86. Ndio, 86. Koo linawasha, jivu linadondoka kwenye suruali, mimi naandika "bado changa, inahitaji kupumzika". Nilikua navuta lebo, sivuti tumbaku. Mpaka mwenzetu mmoja, ambaye hata hajui Cuba iko wapi, akasema oya mbona yangu inanuka kama mkeka ulioungua?

Kimya. Nikaenda jikoni nikachukua kisu nikaipasua moja kwa urefu. Robusto ya ukweli ndani yake ni majani marefu yanayotoka ncha hadi ncha, na Cohiba wanajulikana kwa kuchachua majani ya seco na ligero (aina mbili za majani ya ndani) mara ya tatu kwenye mapipa ya mbao, ndo ule ulaini unaolipia. Yetu ilimwaga chenga. Chenga tupu na vijiti, kama makombo chini ya gunia. Na jani la nje likaniachia rangi ya kahawia kwenye kidole gumba, nimenawa na sabuni ya kufulia haijatoka vizuri.

Ndo tukaanza kukagua boksi, kazi ambayo nlitakiwa niifanye boda akiwa bado getini. Kwanza kile kioo: Cohiba hawatoi boksi la mfuniko wa kioo, ukiona kioo rudisha. Lebo, vile vidoti vyeupe juu ya jina vinatakiwa vikae kwenye mistari iliyonyooka na iliyokamilika, kwetu mstari wa juu umekatwa nusu kama picha ya pasipoti iliyopigwa vibaya. Geuza chini, kuna muhuri wa tarehe, na Cuba wanaandika miezi Kispanyola, Januari ni ENE. Letu limeandikwa JAN. JAN wakuu! Na ile video aliyonitumia akihakiki namba ya stika ya boksi kwenye tovuti ya Habanos ikakubali, nlipoirudia taratibu namba ile sio ya boksi letu kabisa.

Nikampigia akapokea, ye akasema ntakubadilishia bosi wangu, kesho yake kaniblok. Namba ya kutumia hela ilikua na jina la mtu mwingine tofauti kabisa, na hilo nliliona wakati wa kutuma, nikabonyeza namba ya siri vilevile.

Kwahiyo akija na siga ya kuonja, onja ukitaka, ila jua haithibitishi chochote kuhusu boksi. Lione boksi mkononi, ligeuze, ukiruhusiwa chagua mwenyewe siga moja muipasue hapohapo, ndo hela itoke. Wenzangu nawarudishia kidogokidogo, hawajaniomba ila naona wanavyoniangalia nikifungua daftari.

Na jana katoa tangazo jipya, "wateja wetu wanafurahi". Picha ni ya mkono wenye saa ya mkanda mweusi umeshika boksi la kioo juu ya kitambaa cha kitenge cha bluu. Hicho kitenge ni cha mezani kwangu.