Nenda Dukani na Haragwe: Mashine ya Kusagia Viungo vya Mchuzi

Wifi yangu alikuja kutoka Dar na kichupa cha Patak's, rojo la viungo lililokwisha kukaangwa, akakipikia migebuka tuliyonunua asubuhi Kibirizi. Shemeji yenu alifuta sahani kwa ugali mpaka ikang'aa. Roho iliniuma. Giligilani, binzari nyembamba, uwatu, manjano, vyote hapa Kigoma vinapatikana, sasa kwa nini nishindwe na kichupa? Nilichokuwa sina ni mashine, na kwenye mashine ndipo nilipopigwa.

Nilinunua blenda ya sh 95,000 pale Mwanga, hapa hapa Kigoma. Muuzaji aliniapia kwamba ina wati 1,500 na inasaga hata mawe. Nikatia vitunguu saumu, tangawizi na pilipili kavu nilizoloweka. Kisu kikazunguka hewani, kelele kama bodaboda iliyong'oka ekzosi, na viungo vimeganda kwenye kuta za jagi vinakitazama. Nikaongeza maji. Nikaongeza tena. Mwishowe ikasaga, nikapata uji. Uji ule ulipokutana na mafuta ya moto uliruka mpaka kwenye pazia, ukachemka badala ya kukaangika, na siku ya sita kwenye friji ulikuwa umeota ukungu.

Adui hapo ni maji. Kichupa cha dukani kinadumu kwa sababu ndani yake kuna mafuta mengi, chumvi na asidi, na viungo vimeshapikwa. Ukitaka kukifikia, saga kwa siki na mafuta, tia chumvi (mimi natumia ya Uvinza, ubaguzi wangu huo), kisha kaanga kwa moto mdogo ukikoroga hadi mafuta yajitenge na kuelea juu. Siki usiiruke, maana kitunguu saumu ndani ya mafuta bila asidi, kikiachwa kabatini, kinaweza kuwa sumu. Weka kwenye friji, chupa safi na kavu, tumia ndani ya wiki mbili. Kinachozidi kigandishe.

Lakini hayo yote yanataka mashine inayokamata viungo vichache bila kudai maji. Kwa hiyo sitakueleza habari za wati, wala spidi ngapi, wala jagi la kioo au plastiki. Tazama chini ya kisu. Kati ya kisu na kitako cha jagi pana nafasi gani?

Mimi sasa naingia dukani na punje ya haragwe mkobani. Nalitia kwenye jagi, nalisogeza chini ya kisu, halafu nakizungusha kisu kwa mkono kwa kushika kile kidude cha chini kinachokaa kwenye mota. Haragwe likiguswa na kusukumwa, tuongee bei. Likikaa limetulia kama mgeni kwenye mkeka, rudisha jagi. Kipimo hiki kimeangusha blenda nne katika maduka matatu, moja ikiwa ghali kuliko ile yangu. Majagi marefu yametengenezewa juisi, ambayo ina majimaji ya kuvuta kila kitu kirudi kwenye kisu.

Ya kwanza kwangu, na sifichi, ni Preethi. Ni mashine ya Chennai, India, na kampuni yake ilinunuliwa na Philips mwaka 2011. Inakuja na vikombe vya chuma, na kile kidogo cha chatini ndicho unachokifuata: kifupi, kisu kimelala karibu kabisa na kitako. Vijiko vinne vya viungo vinasagika, mafuta vijiko viwili tu. Wahindi waliligundua tatizo hili zamani. Mashine za Sumeet zilizaliwa miaka ya 1960 baada ya mashine ya Kijerumani ya mama mmoja wa Bombay kuungua, na mumewe, aliyekuwa mhandisi, akakaa chini kutengeneza inayostahimili mapishi ya nyumbani kwao. Zetu nyingi bado ni za juisi, wakati sisi ndio wa pilau na mchuzi!

Ya pili, blenda ya kawaida yenye kikombe kidogo cha pembeni cha kusagia vikavu. Hakikisha tu kikombe hicho kinaruhusiwa vitu vibichi, vingine raba yake inavuja mafuta hadi kwenye mota.

Kinu na mchi ni cha tatu, na ladha yake ni nzuri kuliko zote kama una mkono na jioni nzima. Kile kifaa cha plastiki cha kuvuta kamba kinakatakata, hakisagi. Tuendelee.

Sasa bei. Preethi yangu ilibidi aniletee mdogo wangu kutoka Kariakoo, kwa sababu hapa nilitajiwa karibu mara mbili. Ukiuliza, unaambiwa “Dada, usafiri.” Usafiri gani? Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na boksi lenyewe mdogo wangu alilipakata mapajani. Siwakatazi kupata faida, ila basi nauli hiyo iwe imebeba na raba ya akiba. Nimezunguka wiki mbili nikitafuta raba ya kikombe, kila duka naambiwa ninunue mashine nyingine.

Na hili la boksi ndilo linanichosha zaidi. “Likifunguliwa limeuzwa,” kijana ananiambia, ameliwekea na kiwiko juu. Sasa kama halifunguliwi, haragwe langu nilitie wapi?