Kipimo cha kashata: pima kwanza kabla hujahamisha tairi za IST yako

Haya jamani, karibuni. Leo nipo uani, Chumbageni, Tanga. Usukani nimeukata wote kulia ili tairi ya mbele muione vizuri, na hiki nilichoshika ndicho tunachokichambua: kipimo cha kashata, yaani yale matuta ya mpira ya tairi yanayokanyaga barabara. Kuna ndugu zangu mliniomba nizungumzie jeki ya mafuta. Ipo, inanyanyua, haivuji, basi. Hiki kidogo ndicho chenye maneno.

Nimekinunua Ngamiani, bei haikufika elfu kumi. Ni kijiti cha plastiki chenye ulimi wa chuma. Unauchomeka ulimi ndani ya mfereji wa tairi, mabega yake yanakaa juu ya kashata, unasoma milimita. Upande wa pili wameandika inchi, achana nazo. Vipo vya betri pia, vyenye kioo, lakini kwa chumvi ya bahari yetu hii sikuvitamani. Kijiti hakina cha kuharibika zaidi ya ulimi kushika kutu, na dawa yake ni tone la oili.

Ukikinunua, kisimamishe kwanza juu ya kioo kilichonyooka. Kisome sifuri. Changu kinazidisha kidogo, kama robo milimita. Kwa bei hii nakisamehe.

Sasa sogeeni. Chini ya mfereji mnaona hivi vinundu? Hizo ni alama za tairi kuisha, zimesimama milimita 1.6. Usipimie juu yake, utasoma uongo. Pima ukingo wa ndani, katikati, na ukingo wa nje. Hii ya mbele: 4, 4, 4. Ya nyuma: tano na nusu kote. Tairi mpya za gari ndogo huanzia kama milimita 8, kwa hiyo mbele ndiko kulikolika.

Na lazima iwe hivyo. Gari za kuvuta mbele, iwe IST, Vitz au Passo, tairi za mbele zimebebeshwa injini, zinavuta, zinakata kona, na ukikanyaga breki uzito unazilalia. Za nyuma zinafuata tu, kama abiria wa Muheza aliyepata siti ya dirishani.

Tofauti ni milimita moja na nusu, basi leo nahamisha ili zote zilike sawa. Za mbele zinarudi nyuma moja kwa moja, kila moja upande wake. Za nyuma zinakuja mbele kwa kupishana: ya kulia inakwenda kushoto, ya kushoto kulia. Kama tairi yako ina mshale ubavuni, usipishanishe. Mbele na nyuma upande uleule tu. Nati kaza kwa kukatiza, ukimaliza moja unakwenda ya upande wa pili, gari ikiwa chini, na baada ya kilomita mia hivi zijaribu tena.

Lakini hapa ndipo kipimo kinapolipa hela yake. Kingeniambia mbele 3, nyuma 6, nisingehamisha kitu. Ningezipeleka nyuma tairi zinazokaribia kipara, halafu mvua ya masika inikute kwenye kona za kupanda Amani? Mbele ikiteleza unaisikia kwenye usukani, unaachia mafuta, gari inarudi. Nyuma ikiteleza, gari inageuka kabla hujajua. Hata Michelin wanashauri tairi zenye kashata nyingi zikae nyuma, na hawazitoi gari za kuvuta mbele. Kwa hiyo hamisha mapema, kila kilomita 8,000 mpaka 10,000, pengo likiwa bado dogo.

Jambo jingine: ukisoma ndani 2, nje 5, usihamishe kuficha ugonjwa. Hiyo ni alaimenti, yaani magurudumu hayajanyooka sawasawa, nenda kapime. Kingo zote mbili zimelika, katikati nzima? Upepo mdogo. Katikati ndiyo imeisha? Unajaza kupita kiasi. Kiasi cha upepo kipo kwenye kibandiko cha mlangoni, kimeandikwa kwa kPa. Ukiona 220, ni kama psi 32 za kwenye geji ya fundi pancha.

Kasoro zake sasa. Namba zinafutika haraka, nimeshazipitishia wino. Na rangi nyekundu inaanzia 1.6, inakufanya ujione uko salama ukiwa na 2. Mimi nikifika 3 naanza kutafuta tairi. Ila ukiniuliza kama ununue, nunua, tena kabla ya jeki. Jeki fundi anayo. Kipimo wengi hawana; wanaingiza kidole gumba, wanakwambia “hizi bado zima bosi.”

Na spea? Kama ni ile nyembamba, haimo kwenye mzunguko huu. Someni ubavuni: mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, upepo 420 kPa, karibu mara mbili ya hizi nyingine. Iangalieni leo hiihii, maana nyingi hazijaonja pampu tangu gari ishuke melini.